Meli Nyepesi, Masikio Mazito

Watu wa Mandawa wananiita Nahodha, na mimi sijawahi kuwa nahodha hata siku moja. Nilikuwa fundi mitambo. Nahodha anakaa juu kwenye kioo, anaiona bahari. Mimi nilikaa chini, kwenye chumba cha injini, na bahari niliiona zamu ikiisha. Lakini hebu jaribu kumweleza mkulima wa korosho tofauti ya nahodha na fundi mitambo. Atakusikiliza kwa adabu zote, mwisho atasema, "Sawa, Nahodha," na ataendelea kuokota korosho zake. Nimeacha kubishana nao.

Naanza na meli kwa sababu bila meli huwezi kuelewa kilichonipata kwa mama yangu.

Ilikuwa meli ndogo. Mtu akisikia manowari anafikiria jumba la chuma linaloelea, na askari wamejipanga juu wanapiga saluti. Yetu haikuwa hivyo. Yetu ilikuwa manowari ya pwani, ya mwendo kasi, na iliundwa kwa kazi moja tu: kutoka mafichoni, kumfikia adui kabla hajajipanga, kumpiga, kisha kurudi mafichoni. Walioichora walianza na kasi, vitu vingine vyote vikaambiwa vipishe. Bodi ilikuwa ya alumini, nyembamba kiasi kwamba ukigonga ukuta, mwenzako wa chumba cha pili anakuuliza unataka nini. Bamba la kuzuia risasi lilikuwa dogo sana, pale juu kwa nahodha tu. Mkufunzi wetu alituambia tusijidanganye, ngao ya meli hii ni kuwa mahali pengine risasi inapofika.

Tumbo lake halikuzama sana. Tuliweza kuingia kwenye midomo ya mito, katikati ya mikoko, mahali ambapo meli kubwa ingekwama kwenye mchanga ikaaibika. Nyuma haikuwa na panga boi kama boti nyingine. Injini zilizungusha pampu kubwa, maji yananyonywa chini ya tumbo, yanatemwa tezini, nyuma kabisa, kwa nguvu, na huo ndio msukumo wenyewe. Ukitaka kukata kona unageuza mdomo wa pampu. Ukitaka kusimama unashusha kifuniko, maji yanarudishwa mbele, na meli iliyokuwa inaruka inasimama mpaka vikombe vinamwagika. Kuta zake zote zililazwa, hukuona ukuta uliosimama wima, ili rada ya adui ikituma mawimbi yake yateleze pembeni yasimrudie mwenyewe. Mzinga wa omoni, pale mbele, haukukaliwa na mtu. Mpigaji yuko ndani mbele ya skrini, kamera inamwonesha, na mzinga unajituliza wenyewe hata kama sisi wote tunarushwa huku na kule. Makombora yalikaa nyuma ndani ya makasha yake, na mimi nilipita karibu nayo kila siku nikienda chooni.

Ila ilikuwa na mbio bila pumzi. Ukiifungulia injini zote, mafuta yanakwisha upesi, kwa hiyo hatukwenda mbali na nyumbani. Na ikiwa katika mbio haikati maji, inaruka juu yake, halafu inarudi chini kwa kishindo. Tulikalia viti vya springi na bado migongo ilituuma. Anayesimama alifundishwa kukunja magoti kidogo, kishindo kiishie miguuni kisipande kiunoni. Ndiyo maana wanamaji wa boti za kasi wakistaafu utawatambua kwa namna wanavyoshuka ngazi.

Sasa nije kwenye chumba changu. Vitu vya kuzuia kelele ni vizito, na kwenye meli ile uzito ndio ulikuwa adui wa kwanza. Basi waliweka kidogo, kelele nyingine wakatuachia sisi. Tulivaa viziba masikio, na juu yake hedifoni. Lakini fundi anayeijua kazi yake anaisikiliza injini. Vipimo vitakuambia joto na presha. Beringi inayoanza kuumwa inajisema mapema kuliko kipimo chochote, kwa sauti nyembamba iliyojificha ndani ya ngurumo. Kila fundi niliyemkuta pale alikuwa na sikio lake moja la kazi. Mimi langu lilikuwa la kulia. Naiinua hedifoni, nasikiliza, nairudisha, na meli inarudi salama. Niliipenda meli ile, na sitaki mtu aje kunionea huruma kwa hilo.

Masikio yalipoanza kunitupa, daktari alinieleza kwa utaratibu mzuri. Sauti nyembamba huondoka kwanza. Ndege, watoto wadogo, mwisho wa maneno. Ngurumo utaendelea kuzisikia, alisema, lori utalisikia, na mtu akikupigia kelele kwa sikio la kushoto utaokota nusu ya maneno. Mnong'ono usiutegemee tena. Sikio la kulia, alisema, limekufa kabisa. Nilipewa kifaa cha kuvaa, kikawa kinanikuzia milio ya sufuria na kuku, maneno hakuna. Na ndani ya kichwa injini haijawahi kuzimwa mpaka leo. Ninapoandika haya inazunguka.

Nikarudi Mandawa kwa mama. Baba alikuwa ameshatangulia, kaburi lake lipo nyuma ya nyumba, pale mikorosho inapoanzia. Mama alikuwa mtu wa Kilimarondo, kule Nachingwea ndani, Myao, aliyeolewa huku kwa Wamwera akakaa miaka yake yote bila kukipenda Kiswahili. Alikijua cha sokoni na cha msikitini. Na sisi wanawe alitusemesha Kiyao.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Kule kazini nilikuwa nimejifunza kusoma midomo, kidogo kidogo, bila mwalimu, maana kwenye chumba cha injini hakuna anayesikia na watu wanazungumza tu. Lakini niliisoma midomo ya Kiswahili. Midomo ya Kiyao sikuwahi kuisoma popote, na ya mama ilikuwa imeshapoteza meno ya mbele. Basi tukawa tunaongea kwa mikono. Akitaka nimwangalie ananipiga paja. Akitaka maji anaonesha mtungi. Watoto wa jirani walikuwa wanapita uani wananiita, nisipogeuka wanacheka, nilikuja kuambiwa, wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Mama akiwasikia anawakimbiza na mwiko, bibi wa umri ule, na mimi nageuka naona vumbi tu na mama anahema.

Aliitaka habari ya meli. Usinione hivi, nilimweleza mama yangu meli nzima, toka omo hadi tezi, siku tunapepeta ufuta. Nilimgeuzia ungo nikamwonesha jinsi tumbo lisivyozama. Nikainamisha mikono kumwonesha kuta zilivyolala. Alisikiliza, halafu akaja upande wangu wa kushoto akapaza sauti, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mbio zote hizo inamkimbia nani?"

"Haimkimbii mtu, mama. Inamkimbilia."

"Ikimkuta?"

"Inampiga, halafu inarudi."

"Basi inakimbia," akasema, akachukua ungo wake.

Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Jeshi zima halikuwahi kunieleza vile.

Alipoanza kuumwa alikuja mdogo wangu wa kike kutoka Nachingwea mjini, alikoolewa. Ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyelala chini pembeni ya kitanda chake. Mimi nilichota maji na kupasua kuni, na nilikaa mlangoni pale ninapoweza kuona kifua chake kinapanda na kushuka. Nilikuwa namtazama kama nilivyokuwa natazama kipimo cha presha, na nikawa naogopa hata kwenda kuswali nisije nikakuta kimesimama.

Na hapo ikabidi lije lile jambo. Kwa watu wa mama, mwanamke aliyeolewa mbali hurudishwa kuzikwa kwao, kwa mama yake na bibi zake. Ndiyo desturi, na mjomba ndiye mwenye nayo. Akitaka kubaki kwa mumewe lazima aseme mwenyewe, na hasemi barazani. Analisema sikioni mwa mzaliwa wake wa kwanza, wakiwa wawili, wengine wote nje. Mtoto akitoka anataja mahali tu, Mandawa au Kilimarondo, na hakuna anayemuuliza jinsi alivyoambiwa. Mzaliwa wa kwanza ni mimi.

Mjomba alifika kutoka Kilimarondo akiwa mchovu, mzee aliyenyooka, mkimya, mwenye heshima zake. Nilimwamkia, akanishika mkono akaushikilia. Hakuja kugombana. Lakini nilijua, na yeye alijua kwamba najua, kwamba anamtaka dada yake. Upande wa baba nao walikuwa wameshaanza kusema chinichini kwamba mke hukaa na mumewe. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na ya kwangu. Nilimtaka hapa. Nilitaka akae nyuma ya nyumba, pembeni ya baba, niamke asubuhi nimpitie nikienda shambani. Sikuwa na mke tena, sikuwa na mtoto wa kukaa naye, na kwa masikio haya sikuwa na rafiki wa kupiga naye soga. Nilikuwa na mama tu.

Mdogo wangu aliliona tatizo kabla yangu. Alikaa mbele ya mama, akaniita nikae mahali ninapoweza kuona uso wake, akasema kwa Kiswahili ili na mimi nifuate, "Mama, kaka hasikii. Niambie mimi, nimwandikie kwenye simu." Mama akatikisa kichwa. Mdogo wangu akarudia kwa Kiyao, kwa muda mrefu zaidi, analia. Mama akamjibu kwa Kiyao maneno machache, na mimi sikuokota hata moja. Kisha akanyoosha kidole kwangu. Mdogo wangu akanyanyuka, akafuta uso kwa kanga, akatoka na kuurudishia mlango.

Tukabaki wawili. Jua lilikuwa limeshapanda, linaingia dirishani mpaka kitandani. Mama alinishika ukosi wa shati akanivuta, na mkono ule haukuwa na nguvu ya kuvuta chochote, nilijivuta mwenyewe. Nikampa sikio la kushoto. Akaligeuza. Kwao neno hili huingia kwa kulia, basi alikigeuza kichwa changu kwa kiganja mpaka sikio la kulia, lile lililokufa kabisa, likawa juu ya mdomo wake.

Akaanza kusema. Nilijua anasema kwa sababu pumzi ilikuja, ikakatika, ikaja tena. Ilikuwa ya moto, ina harufu ya uji wa mtama. Nilitaka kuinua kichwa niione midomo, angalau nitambue "Ma" ya Mandawa, maana midomo inafunga mwanzoni kabisa mwa neno, hata mtoto angeiona. Nilipojaribu alinirudisha chini kwa kiganja. Basi nikatulia. Nikajaribu kuihesabu pumzi, ndefu ni neno refu, fupi ni neno fupi, upuuzi mtupu. Kichwani injini inanguruma, na nilikuwa tayari kukigonga ukutani kinyamaze. Aliongea muda mrefu. Sikuwahi kujua mama ana maneno mengi hivyo ya kuniambia, na yote yalikuwa yanaingia pale na kupotea. Moyo uliniuma, jamani, uliniuma mpaka nikauma shuka.

Akaniachia. Akanitazama akainua nyusi, umesikia?

Nikaitikia kwa kichwa. Wewe ungefanya nini? Ungemwambia mama yako anayekata roho arudie kwa sauti?

Akafumba macho ametulia. Nilifungua mlango, mdogo wangu akaingia, akakaa naye akimsomea shahada taratibu, na kabla ya adhuhuri kile kifua nilichokuwa nakitazama kikaacha kupanda.

Wanawake waliingia kumwosha. Mimi nikatoka barazani, na wote walikuwa wananingoja. Mjomba kwenye mkeka. Shehe wetu wa Mandawa, aliyenieleza kwa ishara kwamba maiti haicheleweshwi. Vijana wamesimama na majembe, hawajui wachimbe nyuma ya nyumba au wakatafute gari. Kila mdomo ulikuwa umefungwa, sikuwa na cha kusoma.

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Mandawa. Lakini kusema Mandawa ni kusema kwamba mama amelisema, na mimi sikulisikia. Ningekuwa ninamwekea maiti maneno yangu, ili tu nisibaki peke yangu kwenye nyumba hii. Na desturi iko wazi: mwanamke asiyesema kitu anarudi kwao. Nikajiambia, sikusikia kitu, basi ni sawa na asiyesema. Acha nisimwibie mjomba dada yake.

Nikasema, "Kilimarondo."

Mjomba akafumba macho, midomo ikasema alhamdulillahi, hiyo niliisoma vizuri. Upande wa baba wakatazamana, hakuna wa kunipinga. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Alinitazama kwa macho ambayo sikuyaelewa, akarudi ndani.

Tulipata lori dogo. Tukapita Ruangwa, tukapita Nachingwea, tukaingia ile barabara ya vumbi ambayo hakuna dereva anayeipenda. Mimi nilipanda nyuma na jeneza. Nilisimama nimekunja magoti kidogo kama tulivyofundishwa, kishindo kiishie miguuni, na mikono yote miwili juu ya jeneza ili lisirushwe. Vijana waliniambia nikae. Nilikataa. Katika maisha yangu yote ile ndiyo mara pekee mafunzo ya boti ya kasi yalimfaa mama yangu.

Tulimzika jua likiwa bado lipo, pembeni ya mashamba, kati ya mama yake na bibi yake. Wakalizungushia kaburi matawi ya miiba kwa sababu ya wanyama, maana kule wanashuka mpaka kwenye mahindi. Mjomba alinishukuru kwa kunikumbatia. Alinishika kwa muda mrefu, na mimi nilijiona mtu aliyetenda haki, mwenye kidonda lakini aliyetenda haki. Nilirudi Mandawa na hilo, nikaishi nalo.

Siku ya arobaini tulisoma hitima hapa nyumbani. Watu walikula wakaondoka, na mdogo wangu alibaki uani anasugua sufuria. Nilikwenda kumsaidia. Tangu mazishi alikuwa hanisemeshi zaidi ya salamu, na nilidhani ni majonzi. Akasugua, akasugua, halafu akatupa ile steli waya, akanigeukia uso kwa uso ili nisome kila neno.

"Kaka, kwa nini ulimpeleka mbali?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia sikusikia hata neno moja, kwamba aliniwekea mdomo kwenye sikio bovu, kwamba niliogopa kumsemea, ndipo nikafuata desturi ya kwao. Nikamwambia mimi mwenyewe nilimtaka hapa kuliko kitu chochote.

Aliweka mikono yenye sabuni usoni. Ilibidi nimshike viganja nivishushe, maana hivyo sikuweza kuona anachosema. Midomo ilikuwa inatetemeka, nikamwomba arudie, akarudia polepole.

"Mama alijua husikii. Siku ile nilimwambia, mama, huyu hatasikia kitu. Unakumbuka alinijibu? Alisema, 'Najua. Namwambia yangu mengine tu. Mahali atapachagua yeye. Atanizika anakotaka kunikuta.'"

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia pale pale barazani.

"Nilidhani umechagua," akasema. "Nilidhani humtaki karibu."

Tulikaa chini pale kwenye majivu, watu wazima wawili, hadi sabuni ikamkaukia mikononi. Kaburi nyuma ya nyumba, pembeni ya baba, lingetoshea. Mama alinipa lile neno nilichague mimi, mjomba angelipokea, shehe angelipokea, na vijana walikuwa na majembe mkononi. Wiki hii mvua zimeanza, na barabara ya Kilimarondo imekatika.